Maji ya Chini Ndiyo Yanayoua Kuku

Masika yakikaribia, mfugaji wa kuku wa Unguja hutafuta nailoni. Banda huzungushiwa pande zote nne mpaka chini, mianya huzibwa kwa magunia, mlango hufungwa mapema, na mwenyewe hulala akiamini kuku wake hawatalowa. Kweli, hawalowi. Lakini wiki mbili tatu baadaye huanza kuokota vifaranga asubuhi, mmoja leo, watatu kesho, na kila anayeulizwa atakwambia mvua za mwaka huu ni kali. Mimi nasema mvua inasingiziwa. Kuku mkubwa akinyeshewa jioni moja na akapata pakavu pa kulala, asubuhi huamka akaparura kama kawaida yake. Kinachommaliza ni sakafu isiyokauka na hewa isiyotoka, na nailoni ile ndiyo inayoyafungia yote mawili humo ndani.

Tuanze na maji yenyewe. Unguja hupata mvua ya kama milimita 1,600 kwa mwaka, na sehemu kubwa humwagika kati ya Machi na Mei, Aprili ukiwa mwezi mzito kuliko yote. Siku moja ya masika yenye milimita 50 si ajabu. Chukua basi banda dogo la mita tatu kwa nne. Siku hiyo paa lake litapokea lita 600, yaani mapipa matatu ya lita 200, na kama halina mlizamu, mapipa yote matatu humiminika kwenye msingi wa kuta. Yakifika hapo hupenya chini ya sakafu ya udongo na kupanda juu kidogo kidogo, hata siku isiyo na mvua. Ndiyo maana utamsikia mtu akiapa kwamba banda lake halivuji hata tone, na huku pumba za mpunga alizotandaza zimegandamana mabonge.

Maji hayo yataelekea wapi, inategemea umejenga wapi. Mashariki na kusini ya kisiwa, kuanzia Makunduchi na Jambiani kwenda juu mpaka Matemwe, ardhi ni maweni: jiwe la matumbawe lililojaa matundu, na udongo haba juu yake. Mvua ikikatika, maji huzama upesi. Magharibi na katikati ndiko kwenye udongo mwekundu wa kinongo na mabonde ya kinamo, udongo mzito unaopendwa na mpunga kwa sababu ile ile inayomfanya kuku auchukie: haupitishi maji. Huko ndiko kwenye mashamba mengi ya eka tatu tatu waliyogaiwa wananchi baada ya Mapinduzi, kuanzia 1965. Na katika eka hizo banda la kuku mara nyingi hupewa pembe iliyokataliwa na migomba na muhogo, yaani pale palipobonyea. Mwenye shamba atakuwa na hoja yake, ardhi ni ndogo na watoto wengi, lakini kuku ndiye anayelipa. Kabla ya kuchimba shimo la nguzo, ngoja mvua kubwa moja, kisha zunguka shamba saa moja baada ya kukatika. Palipo na dimbwi wakati huo, panda mpunga au magimbi.

Mjini mambo ni hayo hayo kwa sura nyingine. Anayefuga Mwanakwerekwe, mahali palipozoea kugeuka ziwa wakati wa masika, anapambana na maji yanayoinuka. Anayefuga uani katika nyumba ya Mji Mkongwe anapambana na ukuta. Kuta zile nene za mawe ya matumbawe na chokaa hunywa maji ya mvua na kuyatoa polepole kwa wiki kadhaa. Tundu likiegemezwa hapo, upande mmoja hautakauka mpaka Juni. Sogeza tundu hatua moja kutoka ukutani, hewa ipite nyuma yake.

Katika unyevu huo kuna kiumbe anayesubiri. Jina lake la kisayansi ni Eimeria, kimelea cha seli moja, na aina zake saba zinajulikana kushambulia kuku. Ndicho kinacholeta koksidiosisi, ugonjwa ambao wafugaji wengi huuita kuhara damu. Kuku mwenye vimelea hutoa kinyesini vijiyai vyenye ganda gumu, visivyoonekana kwa macho. Vikitoka tu, haviambukizi. Ili vikomae vinataka hewa, joto la kama nyuzi 28 hadi 30, na unyevu. Hewa na joto, Unguja haijapungukiwa. Unyevu ndio unaoletwa na masika, na vikiupata, siku moja au mbili zinatosha. Kifaranga anayedonoa pumba zilizolowa huvimeza, vimelea vikaingia katika seli za utumbo, vikazaliana humo mpaka seli zikapasuka. Ikiwa ni ile aina inayoitwa Eimeria tenella, damu huanza kuonekana kinyesini siku ya tano au ya sita. Kijiyai kimoja kilichomezwa kinaweza kuzaa maelfu, na maelfu hayo yanaangukia sakafu ile ile iliyolowa. Piga hesabu ya mizunguko miwili utaona kwa nini vifo haviji siku ya mvua ya kwanza, bali wiki mbili tatu baadaye, wakati mfugaji ameshasahau siku sakafu ilipolowa.

Kuku wakubwa wengi huponea chupuchupu kwa sababu walimeza vijiyai vichache vichache utotoni wakajenga kinga. Wanaokufa ni vifaranga wa wiki tatu hadi sita. Dawa ipo, na inayotumika sana ni amprolium, inayotiwa katika maji ya kunywa. Inavyofanya kazi ni jambo la kufurahisha: umbo lake linafanana na vitamini B1, kimelea huichukua akidhani ni chakula, akafa kwa njaa. Sasa mfikirie mfugaji mwenye huruma anayechanganya amprolium na vitamini katika chombo kimoja ili kuku wapate nguvu. Amemlisha adui. Vitamini zisubiri mpaka dozi iishe. Dawa za kuulia wadudu sakafuni hazisaidii sana hapa, maana ganda la kijiyai huzihimili nyingi. Kinachokiua ni joto kali na ukavu. Jua la saa sita mchana linaloingia bandani siku mvua inapopumzika lina faida kuliko chupa nyingi za dukani.

Mkosaji wa pili ni hewa. Ule weupe unaouona kwenye kinyesi cha kuku ni asidi ya uriki. Bakteria wakipata maji huigeuza kuwa amonia. Matandiko yakiwa na unyevu wa asilimia 20 hadi 25, kazi hiyo huenda taratibu. Yakilowa zaidi ya theluthi moja, banda huanza kuchoma macho. Huhitaji mashine kupima. Chukua konzi ya maranda, finya, fungua kiganja. Yakitawanyika, mambo ni mazuri. Yakibaki bonge, umechelewa. Kwa amonia yenyewe, kosa la wengi ni kunusa wakiwa wamesimama mlangoni, ilhali kuku anapumua shubiri moja kutoka chini, pale gesi inapotokea. Chuchumaa, weka pua yako usawa wa kuku, na unuse mara tu unapoingia, maana baada ya dakika chache pua huzoea. Ikifika sehemu 25 katika milioni moja za hewa, gesi hiyo huharibu vijinywele vya koo vinavyosukuma nje vumbi na vijidudu. Kuku huyo sasa hana mlinzi, na mafua yakipita jirani yataingia kwake bila hodi.

Hapa lazima niseme neno kuhusu chokaa, kwa sababu Unguja tunaichoma wenyewe kwa mawe ya matumbawe na tunaiamini kwa kila kitu. Imejenga Mji Mkongwe mzima, basi kwa nini isitibu banda? Wengi huinyunyizia juu ya kinyesi kilicholowa, na harufu inapopanda ghafla hudhani chokaa inafanya kazi. Inafanya, ila kinyume. Amonia iliyotulia ndani ya unyevu hubaki humo maadamu unyevu hauna ukali wa chokaa. Ukiongeza chokaa, gesi yote hufumuka kwa mkupuo na kuku wapo juu yake. Utaratibu ni kuwatoa kuku, kukwangua sakafu mpaka chini, kupaka chokaa kwenye sakafu tupu, kuiacha ikauke kabisa, ndipo utandaze maranda mapya. Na kinyesi ulichokitoa kisirundikwe karibu na kisima. Kwenye maweni hasa, matundu yanayokausha banda lako ndiyo yale yale yanayoteremsha uchafu hadi kwenye maji ya kunywa.

Turudi kwenye nailoni. Kuku 20 hunywa lita nne au zaidi kwa siku, na karibu maji hayo yote huyatoa kwa pumzi na kinyesi. Usiku wakiwa ndani, mvua hainyeshi paani tu, inanyesha pia kutoka midomoni mwao. Banda lililozibwa kote litalowa kwa ndani hata kama hakuna tone lililopita. Hewa yenye joto na mvuke hupanda, kwa hiyo inataka mlango wa juu: mwanya wa shubiri mbili chini ya paa, pande mbili zinazotazamana, wenye wavu wa kuzuia nyoka na ngawa. Sehemu ya kuziba ni ile ya chini, usawa wa kuku, na si pande zote. Masika huingia kaskazi ikiwa inakwisha na kusi ikishika hatamu, hivyo kuanzia Aprili mvua ya upepo hupiga zaidi upande wa kusini. Hapo ndipo paa lishuke chini na pazia la gunia literemke. Vuli, kati ya Oktoba na Disemba, upepo unageuka kuelekea kaskazi, na pazia nalo lihame. Mabaharia wa majahazi wamepanga safari zao kwa pepo hizi mbili kwa karne nyingi; mjenzi wa banda naye afuate kalenda hiyo hiyo.

Kuku mwenyewe analijua jibu kuliko sisi. Uchunguzi wa jenomu uliochapishwa 2020 ulionyesha kwamba kuku wa kufugwa ametokana na kuku-mwitu mwekundu wa misitu ya kusini-magharibi mwa China, kaskazini mwa Thailand na Myanmar. Nchi hizo zina mvua za msimu zinazoweza kuishinda masika yetu. Kuku-mwitu hakujenga banda wala hakuomba nailoni. Giza likiingia hupanda mtini, akaweka kati yake na ardhi iliyolowa mita kadhaa za hewa. Ukiona kuku wa kienyeji anakataa banda na kulala juu ya mwembe, usimwite mkaidi. Amelinganisha vyumba viwili akachagua kilicho kikavu chini. Banda la kichanja, lililoinuliwa kwa nguzo mpaka magotini au kiunoni, lenye sakafu ya fito zilizoachana kidogo ili kinyesi kianguke, ni mwembe huo uliotiwa paa na mlango.

Kuku hawa, wageni waliotoka Asia, wamekaa nasi muda mrefu. Kwa miaka kadhaa ilisemwa kwamba mifupa ya kuku ya kale sana, iliyotangulia hata kuzaliwa kwa Nabii Isa, ilipatikana katika pango la Kuumbi karibu na Jambiani. Wanasayansi waliporudi kuchimba na kuchunguza upya, madai hayo hayakuthibitika. Utafiti wao wa 2017, uliopitia mifupa kutoka maeneo kadhaa ya pwani na visiwani, ukiwemo mji wa kale wa Unguja Ukuu, unamweka kuku kwetu karne ya 7 au ya 8, akija pamoja na biashara ya Bahari ya Hindi. Na panya wa nyumbani alikuja katika safari hizo hizo, jambo ambalo mwenye stoo ya chakula cha kuku hatashangaa kulisikia. Vinasaba vya kuku wa kienyeji wa Afrika Mashariki, wakiwemo wa Unguja na Pemba, vinaelekeza Bara Hindi na Asia ya Kusini-Mashariki.

Tukirudi kwenye mwembe, mti hautoshi kwa kifaranga. Kuku mkubwa ana manyoya yanayofungia hewa, na mafuta ya tezi iliyo juu ya mkia anayojipaka kwa mdomo, ingawa hamfikii bata. Kifaranga ana malaika tu. Maji yakiingia humo, hewa hutoka, na maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa. Kila gramu moja inayokauka mwilini mwake huondoka na kilojuli 2.4 za joto. Wiki ya kwanza kifaranga anataka mazingira ya nyuzi 32 hadi 35, na usiku wa Aprili Unguja hushuka mpaka karibu 23. Kwetu sisi hiyo ni hewa nzuri ya kulala madirisha wazi. Kwake ni baridi ya kuua. Kwa hiyo koo mwenye vifaranga asiachiwe nje wakati wa masika mpaka watimize wiki tatu nne. Mfunike kwa tenga mahali pakavu, na faida ya pili utaipata papo hapo: kunguru wa Kihindi, aliyeletwa Unguja miaka ya 1890 ale taka akaishia kula vifaranga, hatawafikia.

Mvua ikija na tufani je? Unguja iko nyuzi sita tu kusini ya ikweta, na karibu na ikweta mzunguko wa dunia hausaidii sana upepo kujikunja kuwa kimbunga. Ndiyo maana vinatufikia kwa nadra. Nadra si kamwe. Tarehe 15 Aprili 1872, enzi za Sayyid Barghash, kimbunga kilipiga Unguja kikazamisha meli za Sultani na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi, Pemba ikisalimika kwa kiasi kikubwa. Aprili 1952 kingine kilitua Lindi. Mei 2024 Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilifuatilia Kimbunga Hidaya mpaka kilipofika Mafia tarehe 4, na boti za kwenda Unguja zikasimama. Kwa banda la kuku, upepo mkali hauui kwa kusukuma, huua kwa kuinua: unapita chini ya ukingo wa paa na kulibeba. Paa la makuti hupoteza vipande na likabaki. Bati lililopigwa misumari michache huruka zima na kumkata mtu njiani. Funga paa kwa waya mpaka kwenye nguzo, na nguzo ziwe zimezama chini kweli. Boti zikisimama, jambo la kufikiria ni chakula, kwa kuwa mahindi na pumba nyingi huja kwa njia ya bahari kutoka bara. Uwe na akiba ya wiki.

Akiba hiyo nayo ina mtego wake. Mahindi yenye unyevu unaozidi asilimia 13 hivi huota ukungu, na ukungu aina ya Aspergillus hutoa sumukuvu. Sumu hii ilitambuliwa baada ya mabatamzinga zaidi ya 100,000 kufa Uingereza mwaka 1960, na 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Kuchemsha hakuiondoi. Gunia likae juu ya mbao, mbali na ukuta, na chakula kilichooza usimpe kuku ukidhani tumbo lake ni la chuma.

Mengine nitayapitia haraka. Mayai kupungua wakati wa masika si kwa sababu ya giza, maana urefu wa mchana Unguja hautofautiani hata saa moja mwaka mzima. Ni chakula, unyevu na minyoo, ambayo mayai yake hudumu kwenye udongo wa majimaji. Ndui huongezeka kwa sababu mbu wameongezeka, kwa hiyo mwaga maji kwenye vifuu na matairi yaliyozunguka banda. Na kuku asiyepata vumbi la kuogea hujaa chawa na utitiri: mtilie mchanga mkavu na majivu ya jikoni ndani ya sanduku chini ya upenu, atakushukuru kwa namna yake.

Limebaki jambo moja ambalo mvua husingiziwa kupita yote, nalo ni kideri. Huu ni ugonjwa wa virusi, hauna tiba, na katika kundi lisilochanjwa unaweza kufagia karibu wote. Hausababishwi na mvua. Hubebwa na kuku wanaohamishwa, na matenga, viatu na mikono ya wachuuzi. Sasa angalia kalenda: Idd el Fitr ya 2024 iliangukia tarehe 10 Aprili, ya 2025 tarehe 31 Machi. Kabla ya sikukuu kuku husafirishwa kutoka kila shamba kuelekea Darajani na masoko mengine, na wasiouzwa hurudi nyumbani na walichokiokota njiani. Masika na sikukuu vikikutana, vifo hufuata na mvua hubeba lawama. Kuku mpya, hata akiwa zawadi ya mkwe, akae peke yake wiki mbili.

Chanjo ipo. Ile ya I-2, iliyobuniwa katika Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, na kutengenezwa hapa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, huvumilia joto kuliko chanjo za zamani, na kuku hupewa tone moja jichoni, ikarudiwa kila miezi minne. Chupa moja ina dozi nyingi kuliko kuku wa nyumba moja, ndiyo sababu wenye kuku wanane au kumi huona ni hasara kuinunua peke yao. Basi ongeeni majirani watano sita, mchangiane, mmwite mtaalamu wa mifugo wa shehia yenu Februari, kabla ya mvua kuanza, na kila mtu akamate kuku wake usiku wakiwa wamelala ili asubuhi kazi iwe nyepesi.